Uzi wa Buluu

Sella aliuvuta mkanda wa mbeleko kwa nguvu zote, akasikia mshono ukiachia. Akaiweka mbeleko hiyo upande wa mbovu. Ilikuwa ya kumi, na bado thelathini hazijavutwa.

Alikuwa amechoka hoi. Tangu asubuhi, ndani ya karakana hiyo ya mtaa wa Kawangware 46, hakuwa ameshona chochote; kazi yake ilikuwa kuvuta mikanda tu. Macho yalimuuma, kwa hiyo aliyafumba na kuiachia mikono kazi.

Wiki iliyopita mkanda mmoja ulikatika kule mtaa wa Soweto West, mama akiruka mtaro. Mtoto akavunjika mkono. Karakana ilikuwa na mafundi wanane, na kila mmoja aliweka kwenye pindo alama ya uzi wa rangi aliyoichagua mwenyewe. Mbeleko iliyokatika ilikuwa na uzi wa buluu.

Shivachi, mwenye karakana, hata hakujua rangi ipi ni ya nani, lakini alitaka mwenye buluu aondoke siku hiyo hiyo. Sella ndiye aliyemzuia. Mkanda mmoja unaweza kumkatikia yeyote, alimwambia. Tuanze kwa kudhani fundi huyu ni sawa na wenzake, ambao huharibu nne katika kila mia. Tuokote mia zake bila kuchagua, tuzivute. Zikiachia tisa au zaidi, hiyo si bahati mbaya tena.

Shivachi akakubali. Na kwa kuwa Sella peke yake ndiye aliyesoma takwimu chuoni kabla ya karo kumshinda, kazi ikamwangukia. Majina na rangi yakafungwa kwenye bahasha, bosi asije akamhurumia mtu au kumchukia kabla ya hesabu kuisha. Kumtendea mtu haki kuna kazi nyingi kweli.

Kufika mia, mbovu zilikuwa kumi na tatu. Sella akazihesabu upya, akitamani sana awe amekosea. Kumi na tatu. Fundi wa kawaida hawezi kufika hapo kwa bahati mbaya, hata mara moja kati ya elfu.

Adhis, anayeshonea mashine ya dirishani, akaja akainama karibu naye. Ilionekana amelia.

"Andika nane," alinong'ona. "Kwani nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Na watoto watakula nini, Sella? Umefikiria hiyo?"

"Nimefikiria tangu asubuhi. Lakini hizi mbeleko pia zinabeba watoto."

Adhis alijifuta macho. Akarudi kwenye mashine yake, akakaa tu bila kushona. Sella alimwonea huruma.

Kisha akaisogeza karatasi ya hesabu karibu kabisa na uso, akaandika kumi na tatu, akatia sahihi na kumpelekea Shivachi. Shivachi aliisoma mara mbili. Hakuonekana kufurahi. Akaichukua bahasha mezani.

"Haya. Wacha tuone huyu wa buluu ni nani."

"Usijisumbue kuifungua, bosi," Sella alisema.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatoa bobini ya uzi wa buluu, akaiweka juu ya karatasi.