Kitabu Juu ya Gogo

Shoka lilishuka, kitabu kikapasuka kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Yule mwanaume kifua wazi aliyechorwa juu yake akabaki nusu huku, nusu kule, kwenye gogo lile lile la kukatia mbavu.

"Yaani nimejinyima usingizi kwa upuuzi huu!" Mama Shoka alifoka. Mwenye bucha alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo, na yeye alilipenda.

Fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekuja kununua utumbo, alirudi nyuma kidogo. "Kimekukosea nini tena? Si juzi tu ulikuwa unakisifia?"

"Nilidhani kinakwenda mahali! Kila ukigeuza ukurasa, watu wanavuliana nguo. Haya, sote watu wazima, sikukasirika. Lakini wakimaliza wanalia. Wakishalia, mwanaume anampiga mwanamke. Akishampiga anapiga magoti, machozi yanamtiririka, 'siwezi kuishi bila wewe', na nguo zinavuliwa tena! Kitabu kizima, jamani! Mpaka mwanamke anavunjwa mbavu, anakimbilia kwao. Nikasema afadhali, sasa tumefika. Unajua mama mtu alifanya nini?"

"Sijui, mama."

"Alimfungulia mwanaume mlango!" Shoka likashuka tena, vipande vya karatasi vikaruka. "Mama mzima, na akili zake! Mwanaume kalia kidogo tu pale kibarazani, yeye huyo, kafungua. Mama wa namna hiyo ningemkata mkono."

Fundi viatu alicheka mpaka akakohoa. Akachukua utumbo wake, akarudi kwenye viatu vyake.

Hata hakuwa amekaa vizuri, binti yake Mama Shoka akaingia buchani mbio. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine peku. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho moja limevimba likafumba, na mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama, anakuja. Leo ameshika nondo. Amesema leo ananimaliza."

Mama Shoka alimshika begani, akampeleka nyuma kwenye chumba cha kutundikia nyama, chenye mlango wa chuma na komeo la nje.

"Kaa humo. Hata akiichoma moto bucha hii, mimi sifungui."

"Hata akilia, mama?"

"Alie damu!"

Komeo likasukumwa. Mama Shoka akafunga aproni upya, akarudi kwenye gogo, akasimama.

Mkwe hakubisha hodi. Pigo la kwanza la nondo lilikwenda kwenye kioo cha kabati, vigae vikamwagika juu ya maini. La pili liling'oa mizani. Ng'ambo ya barabara watu walianza kupiga kelele, lakini hakuna aliyesogea, kila mtu na roho yake.

"Yuko wapi mke wangu?"

"Huna mke hapa, mshenzi wewe."

Pigo la tatu lilimpata Mama Shoka begani. Alipepesuka, akashika ukuta, hakuanguka. Mkwe akaweka kiganja juu ya gogo ili aruke upande wa pili, na hapo ndipo alipokosea, maana yule mama alikuwa amekata mifupa tangu huyo kijana hajazaliwa. Shoka likashuka. Ncha ya kidole kidogo ikabaki pale, katikati ya kurasa.

Kijana alipiga ukelele uliosikika mpaka stendi. Nondo ikadondoka. Mama Shoka akaipiga teke, akamkamata ukosi, akamburuta mpaka ukutani, akamwekea shoka shingoni. Ubaridi wa chuma ulimfanya kijana anyooke kwa vidole vya miguu.

"Umemvunja mkono mwanangu. Sema neno moja tu nikuchinje hapa hapa, waje wakuchukue kwa ndoo!"

Kijana akateleza na ukuta mpaka chini, akapiga magoti juu ya vigae vya kioo. Akauona mkono wake. Akaanza kulia, kilio cha sauti, makamasi na damu vikichanganyika usoni.

"Niue, mama. Niue tu nipumzike. Mimi sijui huwa napatwa na nini. Asipokuwepo sili, silali, nashika nguo zake nazinusa kama mwendawazimu. Bila yeye mimi nitakufa." Akakumbatia miguu ya Mama Shoka kwa mikono yote miwili. "Mama yangu aliniacha mdogo. Sina mama mwingine hapa duniani, ni wewe."

"Niachie miguu."

"Ni wewe tu, mama."

Mama Shoka alisimama pale pale, anahema. Bega lilikuwa linamuuma, shoka limeanza kumlemea. Alitazama utosi wa yule kijana ukitikisika. Alitazama damu ikilowesha aproni yake. Akavuta pua.

Ndani ya chumba cha nyama, giza tupu, binti alikuwa amejibanza nyuma ya paja la ng'ombe, meno yakigongana. Alisikia kelele zikipungua. Kisha akasikia hatua za mama yake, zile nzito anazozijua tangu utotoni, na komeo likivutwa.

Akashusha pumzi. Akainuka, akanyoosha mkono wake mzima ili amkumbatie.

"Toka, mwanangu," mama yake alisema kwa upole. "Mumeo analia."