Makala ya Kila Ijumaa

Simu ililia jikoni, kisha vikafuata vigelegele vya mama.

"Kaka yako ameandika kwenye blogu! Sikia: 'Kilele nimekishika, mawingu ndiyo mkeka.'"

Siku tano kaka alikuwa kimya huko mlimani alikokwenda kupanda. Mama aliipapasa picha yake kwa kidole gumba chenye unga, na uso wa kaka ukazidi kufifia kwenye kioo cha simu.

"Nimeshawapigia askari wa hifadhi," alisema. "Nimewaambia waache kumtafuta. Mtu anayeandika si mzima?"

Mimi ndiye niliyemwambia kaka aandike kila Ijumaa, maana wasomaji husahau upesi. Kabla hajaondoka tuliandaa makala sita zijichapishe zenyewe kwenye blogu, moja kila wiki. Nilijiona bingwa.

"Mbona umenuna, we mtoto? Wivu?"

"Mama, maneno hayo ni yangu. Niliyatunga mwezi uliopita, kaka akiwa bado humu ndani."

Kidole chake kiliganda juu ya picha.

Niliwapigia askari warudi mlimani, nikaanza kufunga viatu.

"Nitamleta, mama," nilisema. "Vyovyote nitakavyomkuta, nitamleta."