Bibi Sishuki

"Mwambie sishuki," sauti ya bibi ilikwaruza redioni kutoka kibanda cha juu. "Kama ana neno, aje aniambie mwenyewe."

Askari wa hifadhi aliwahi kupunguza sauti, lakini wapi. Binti wa yule bibi, aliyesimama naye pale getini, alikuwa amesikia yote.

Mchezo huu ulikuwa wa mwaka mzima. Bibi alikuwa na kadi ya mwaka ya hifadhi hii ya kaskazini, na hakuna msimu uliomtisha. Masika alikuja na mabuti ya mpira kutazama viboko wakigombania tope. Kipupwe alijifunga blanketi, akakaa kwenye kibanda cha ziwani, juu kabisa ya kilima, kusubiri ndege wanaohama. Kiangazi alikuja kuona swala wakija kunywa maji. Jioni ikifika, hatoki mpaka binti yake aje kumchukua. Askari walimbandika jina la Bibi Sishuki, naye akalipokea kama cheo.

Jambo moja lilimshangaza askari huyu. Darubini ya bibi haikuelekea ziwani hata siku moja. Siku zote ilitazama njia ya kupandia.

"Bibi, ndege wako upande huu," aliwahi kumtania.

"Kila mtu na ndege wake, mjukuu wangu. Wewe tazama wako."

Mzito alikuwa binti. Masika hakutoka hata garini. Alipiga honi mpaka bibi akachoka na kelele, akashuka. Kipupwe alifika kwenye benchi la kwanza, akapiga makelele kutokea hapo. Kiangazi kilipoanza alijikokota mpaka darajani, akaishia hapo. Askari alimwona mvivu, tena mwenye maringo. Mama mzazi yuko juu peke yake na nyani, yeye anaonea huruma miguu yake!

Leo alikuja amekunja uso, mkononi ana fimbo ya hospitali, ile ya chuma yenye mpira chini.

"Safari hii imetosha, kaka," alisema walipoanza kupanda. "Nimeongea na mkuu wenu. Asiposhuka na mimi leo, kadi yake inafutwa na hakanyagi tena hapa. Tangu ile ajali mama haambiliki. Daktari kasema polepole, ndani ya nyumba, milima hapana. Yeye anasema daktari ni mwoga."

Askari aliitazama ile fimbo, akaelewa. Kumbe bibi wa watu aliumia, na fimbo anaikimbia kwa kiburi! Akamhurumia, lakini moyoni akamshangilia pia. Bila kadi ile, bibi angebaki sebuleni akitazama ukuta.

Walipanda. Kila kona binti alisimama na kuiegemea fimbo, kijasho chembamba kikimtoka. Watu wa mjini hawa, askari alijisemea, kilima chenyewe hiki tu na wanataka kukata roho.

Darajani binti aliegemea ukingo. "Mimi nimefika. Nenda kamlete."

Askari aliinua redio. Kabla hajasema neno, binti alipiga ukelele. Juu kule, mahali panapoonekana wazi kutoka darajani, bibi alikuwa ameshusha darubini, amevaa jaketi la kuokolea, na sasa anaingia kwenye mtumbwi wa watalii. Akaketi. Akainua kasia juu.

"Mama! Toka humo!"

"Sitoki!" Upepo uliishusha sauti mpaka kwao. "Nakwenda kuwasalimia viboko!"

Binti hakungoja. Alizivamia ngazi za mawe huku analia na kufoka, mara amwite mama, mara amwite kichaa. Askari aliiona fimbo imebaki imeegemezwa kwenye ukingo wa daraja. Akaichukua, maana bibi angeihitaji wakati wa kushuka, akakimbia kumfuata.

Alipofika ziwani alikuta binti amesimama gatini, mikono kiunoni. Mtumbwi ulikuwa bado umefungwa kwa mafundo mawili. Haukuwa umesogea hata kidogo.

"Unataka kuniua kwa presha, mama?"

"Presha gani? Mbona una sauti ya kutosha?" Bibi alitoka mtumbwini mwepesi, bila kushika popote. "Haya, umekuja. Nashuka."

Binti alimsogelea. "Hivyo tu? Na kadi yako inafutwa!"

"Waifute." Bibi aliitoa kadi mfukoni, akampa askari kama mtu anayetupa tiketi iliyokwisha kazi. "Hata wanyama wenyewe siwapendi. Wananuka."

Binti alisonya, akageuka, akatangulia kushuka huku anabwata peke yake. Askari hakuelewa kitu. Mwaka mzima wa ubishi, halafu bibi anasalimu amri kirahisi namna hii! Akamnyooshea ile fimbo.

"Bibi, chukua fimbo y—"

Bibi alimziba mdomo kwa kiganja. Macho yake, yaliyojaa machozi, hayakubanduka kwa binti yake, aliyekuwa akiteremka ngazi za mawe, mguu huu, mguu ule.

"Si yangu," alinong'ona. "Ifiche nyuma yako. Asiikumbuke mpaka tufike getini."