Kitabu cha Kuangusha

Mzee alichukua kitabu kwenye rafu ya duka, akakiinua hadi kifuani, akakiachia. Kikatua sakafuni, puf! Akatega sikio kama anayesubiri kuitikiwa, kisha akatikisa kichwa.

"Hiki hakifai."

Mwenye duka, mama mnene aliyezoea vituko vya wateja, akaweka chini kikombe chake cha chai. "Mzee wangu, kinachojaribiwa kwa kukanyaga sakafu ni kiatu. Kitabu husomwa."

"Nipe chenye jalada gumu. Kizito kuliko vyote."

"Kinachohusu nini?"

"Chochote. Hata kilimo cha vitunguu."

Mama akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Chukua hiki cha jalada laini, uipumzishe mikono. Imekula chumvi nyingi hiyo."

"Wimbo wa binti yangu huo! Tangu kimoja kiniangukie puani, ananiletea hivi vilivyolegea kama soksi kuukuu. Sasa mama yake hasikii."

"Hasikii nini?"

Mzee akavuta kigoda, akaeleza. Kila alasiri husoma kitandani mpaka usingizi umwibe. Kitabu kikianguka, mkewe hujua. Huja, humvua miwani, humfunika shuka, huokota kitabu na kuchomeka kibanio chake cha nywele pale mumewe alipoishia, maana kwake kukunja pembe ya ukurasa ni sawa na kumvuta mtoto wa watu sikio. Ndivyo walivyoishi tangu ujana.

"Cha laini kinaanguka kama unyoya. Naamka miwani imenipinda usoni, baridi imenipiga, na hajaja. Naogopa atadhani nimeacha kumwita."

"Masikio yake yamezeeka?"

"Masikio mazima. Mlango wake ndio mzito."

"Kwani hamlali chumba kimoja?"

"Tulikuwa tunalala."

"Ehee!" Mama akamtazama shati: vifungo vimepishana, kola upande mmoja imezama ndani. "Huyo kanuna, mzee. Mke asiyenuna hamwachi mumewe atoke nyumbani hivi."

"Hajanuna," mzee akasema polepole. "Mwite tu kwa sauti, utaona."

Akaondoka na kitabu cha historia ya reli, kinene kama tofali. Alikiangusha kwanza. Vikombe vilipolia kabatini, akatabasamu.

Kesho yake akaingia binti, kitabu kwapani, uso umekunjwa.

"Mama, ni wewe uliyemuuzia baba jiwe hili? Kidole chake cha mguu kimevimba. Nibadilishie, nataka cha laini."

"Pole, mwanangu. Lakini jana alilala vizuri?"

"Alilala kama mtoto mchanga. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta kafunikwa mpaka shingoni, miwani imekunjwa vizuri dirishani. Sijui siku hizi anajifunikaje."

Mama akapiga makofi. "Basi mama yako amesikia!"

Binti akamkazia macho. "Baba amekuambia nini?"

"Mambo ya watu wazima hayo. Ila waambie wapatane, warudi chumba kimoja."

Akakipokea kitabu, akakifungua aone kama kurasa zimechafuka. Katikati, kitu kikateleza, kikalia mezani: kibanio cheusi cha nywele, jino moja limevunjika, udongo mbichi umeganda kwenye meno yaliyobaki.

"Hiki hapa cha bibi mwenyewe!" Mama akakifuta kwa kanga na kumnyooshea. "Mrudishie, asije akanitafuta."

Binti hakukipokea. Alirudi nyuma mpaka rafu ikamzuia.

"Hicho," akasema, "nilimbania mwenyewe, asubuhi tuliyomzika."