Vitunguu vya Mama

Visu haviruhusiwi majumbani. Kila jiko lina mashine ya umeme ya kukatia, iliyojifunza mkono wa mwenye jiko. Mwenye jiko akifa, mashine yake hurudishwa dukani kabla ya arobaini.

Ya mama niliirudisha siku ya thelathini na tisa.

"Chagua nyingine, kaka," alisema dada muuzaji. "Hii haina kelele. Ile inakata hata muhogo mbichi."

"Nataka inayokata kama hii ya mama."

"Hiyo inafutwa, ndiyo sheria. Weka mkono wako hapa, ijifunze kwako."

"Mkono huu haujawahi kukata hata nyanya!"

"Kumbe ulidekezwa!" Alicheka, kisha akaniona uso, akanisogezea mashine mpya.

Nikaweka mkono.

Jioni nilitengeneza kachumbari. Vitunguu vilitoka vinene kama vidole. Mama alivikata vyembamba kama karatasi, isipokuwa siku alizogombana na baba. Siku hizo alivikata vinene makusudi.

Baba alitafuna polepole, akatazama mlango wa jikoni.

"Leo nimemkosea nini mama yako?"