Usiguse Kifua

Kijiko kilicheza kwenye kisahani gizani, ti-ti-ti-ti, kikanyamaza.

"Nani anachezea vikombe?" Nozuko aliuliza kwa ukali.

"Ni mimi, mwanangu," alijibu MaRadebe, jirani yake wa nyumba ya pili. "Mkono umeniingia ganzi. Tangu alfajiri nafua mablanketi, na hili jino nalo halinipi raha."

Umeme ulikuwa umekatika saa kumi na mbili unusu, zamu ya mtaa wao kukatiwa, na mazoezi ya mchezo wao hayajafika hata nusu. Kesho ilikuwa Alhamisi. Akina mama wa kanisa kutoka Cofimvaba nzima wangeketi mbele yao na vizibao vyao vyekundu, na Nozuko alipewa robo saa tu. Robo saa ya kuwaambia lile ambalo hakuna aliyemwambia mama yake: moyo wa mwanamke unaweza kukuaga bila kukushika kifuani. Mama yake alilalamikia taya na uchovu. Majirani wakamkorogea unga wa dawa ya kiungulia, wakamwambia alale kidogo. Hakuamka.

Lakini MaDlomo, aliyepewa nafasi ya mgonjwa, alikuwa ameona tamthilia nyingi mno kwenye televisheni. Kila mara alijishika kifua kwa mikono miwili, akatoa macho, akaanguka kama gunia la mahindi. MaRadebe, aliyepewa nafasi ya jirani wa kukoroga unga, alicheka mpaka pumzi ikamwishia, akalazimika kukaa.

"Tunaendelea hivi hivi," alisema Nozuko. "Giza halimzibi mtu mdomo. Na wewe MaDlomo, nakuomba, usiguse kifua!"

"Gizani humu utanionaje?"

"Dada!"

"Sasa watu watajuaje kwamba nakufa? Kufa kwa taya, kwetu sijasikia."

"Ndilo hilo! Hamjasikia! Nifanyeje ili msikie?"

Kiti kilikwaruza sakafu, na baridi ikaingia kutoka mlangoni, alikoketi Liyema, binti yake wa miaka sita.

"Liyema, funga huo mlango."

Nozuko aliikunja karatasi yake ya mchezo. Kesho watacheka. Watacheka, watakunywa chai, watarudi nyumbani kukoroga unga.

"Anza, mgonjwa," alisema.

Kisha kijiko tena, ti-ti-ti, na sauti ndogo, mnong'ono tu.

"Nimechoka... nimechoka, jamani. Taya... mpaka huku mgongoni. Hebu nifungulieni dirisha."

Mwili ulimsisimka Nozuko. Hakuwa ameandika hivyo. Ilikuwa bora kuliko alivyoandika.

"Hapo sasa!" Alipiga makofi. "MaDlomo, mama yangu, hapo hapo! Umeona? Kifua cha nini?"

Kikombe kilianguka, kikapasuka. Hata hicho kilifaa, angenunua kingine.

"Kesho ufanye hivyo hivyo, usibadilishe kitu. Haya, jirani, lete unga."

Jirani hakusema neno.

"MaRadebe! Ni zamu yako. Mbona unaniharibia, tumefika pazuri?"

"Mama," alisema Liyema kutoka mlangoni, "MaDlomo amekwenda kwake kuchukua mishumaa."