Kisu cha Tupa

Nyamvula alikiweka kisu cha kukunja mbele ya kaka yake Mwatela, mfua vyuma. Kisu kilikuwa kimevunjika ncha, na jicho la kushoto la Nyamvula lilikuwa limefungwa bandeji.

"Kaka, nilikwambia ni cha kubandulia chaza mwambani. Chuma cha springi ya lori kingepinda tu. Hiki kimekatika, ncha ikanirukia jichoni."

Mwatela aliinamisha kichwa. Alikuwa amechagua tupa kuukuu ya kunolea, chuma kigumu kinachoshika makali, akalisugua bapa likawa jembamba kama jani, ili watu wa sokoni wamwone akinyoa nacho vinyweleo vya mkono.

"Nitakutengenezea kingine, dada."

"Cha kazi gani tena?"

Dada yake alipoondoka, Mwatela alikipitisha kisu mkononi mwake. Vinyweleo vikaanguka vyote, pasipo yeye kuhisi kitu.